Nambari za dev zinapogoma: dalili na tiba kwa wanaochapisha vifurushi vya npm

Kazi yenyewe inaonekana ndogo. Komiti, yaani badiliko la msimbo lililohifadhiwa kwenye Git, inaingia kwenye tawi kuu, seva ya CI (ile inayojenga na kujaribu msimbo yenyewe) inaunda nambari mpya ya dev, yaani ya toleo la majaribio, inachapisha kifurushi kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, na wenzako wanakivuta wakijaribu kabla ya toleo rasmi. Ikienda sawa hakuna anayeikumbuka. Ikigoma, mara nyingi inagoma wakati hakuna aliyegusa msimbo, ndiyo maana watu huanza kulaumu mtandao.

Kabla ya kulaumu mtandao, kumbuka kwamba npm haichukulii nambari ya toleo kuwa jina tu. Kwake ni nafasi kwenye foleni. Sheria za foleni hiyo zimo kwenye SemVer 2.0.0, kanuni za kuandika na kupanga nambari za matoleo, na skripti nyingi za kuunda nambari huandikwa na mtu aliyezisoma nusu. Zile zinazotuhusu ni chache. Sehemu inayofuata kistari hukatwa vipande kwa nukta. Kipande chenye tarakimu tupu hulinganishwa kama namba, na hakiruhusiwi kuanza na sifuri isipokuwa ni sifuri yenyewe. Kipande chenye herufi ndani yake hulinganishwa herufi kwa herufi, na daima hukaa juu ya kipande cha tarakimu tupu. Toleo lolote lenye kistari liko chini ya toleo hilohilo lisilo na kistari, yaani 1.4.3-dev.7 ni ndogo kuliko 1.4.3. Na chochote kinachofuata alama ya kujumlisha hakihesabiwi katika kupanga.

Mfano wetu ni kifurushi cha kubuni, `@timu/malipo`, kinachoita API ya Daraja ya M-Pesa. Toleo rasmi la mwisho ni 1.4.2. Kwa kila dalili hapa chini, anza na amri hizi mbili:

```
npm view @timu/malipo dist-tags
npm view @timu/malipo versions --json
```

Ya kwanza inaonyesha kila tagi (jina kama `latest` au `dev`) inaelekeza kwenye toleo lipi, ya pili inaonyesha kilichochapishwa kweli. Ya tatu ya kuweka karibu ni `npx -y semver`. Ukiipa matoleo kadhaa inayapanga kutoka dogo hadi kubwa, na ukiipa toleo batili inanyamaza. Kunyamaza huko ndiko jibu.

## "Asubuhi inakataa, mchana inakubali"

Hii inastahili kuangaliwa kwa utulivu kwa sababu watu wa Nairobi hupotezwa nayo kwa urahisi.

Skripti inaunda nambari kwa tarehe na saa, kwa mfano:

```
1.4.3-dev.$(date +%Y%m%d).$(date +%H%M%S)
```

Saa nane mchana inapita vizuri. Kesho yake saa tano asubuhi CI inakataa na kusema `Invalid version`. Unaendesha skripti ileile kwenye kompyuta yako, inapita. Unarudia CI baada ya chakula cha mchana, inapita. Unafunga tiketi. Keshokutwa asubuhi inarudi.

Angalia kipande cha mwisho. Saa mbili na nusu ya seva huandikwa `083000`. Ni tarakimu tupu, na imeanza na sifuri. Batili. Kwa hiyo skripti hii ni mbovu kila siku kuanzia 00:00:00 hadi 09:59:59, kwa saa za mashine inayoiendesha. Mashine za GitHub Actions, CI ya GitHub, hukaa kwenye UTC, nasi tuko saa tatu mbele, mwaka mzima bila kubadilisha saa. Dirisha la ubovu kwa macho yetu linafunguka saa tisa usiku na kufungwa saa saba mchana. Kompyuta yako iliyo kwenye saa za Afrika Mashariki inapona mapema zaidi, saa nne asubuhi. Kati ya saa nne na saa saba ndipo unapata ule ubishi wa "kwangu inafanya kazi", na kila upande unasema kweli.

(Njia ya mkato kwa anayesoma logi ghafi zenye herufi Z mwishoni: toa tatu kwenye saa ya UTC unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 08:30Z ni saa tano na nusu. 10:00Z ni saa saba. Mhariri wa msimbo hatakwambia hilo.)

Si kila kifaa kinakataa. Vingine husoma nambari kwa ulegevu, vinaifyeka sifuri na kuendelea: `083000` inageuka `83000`. Hapo hakuna kosa jekundu, ila skripti imehifadhi jina moja na rejista (hifadhi ya npm) ina jingine, na hatua inayofuata, ile ya kusakinisha toleo lililotoka kuchapishwa, inaambiwa halipo. Ukiona toleo limechapishwa lakini "halipatikani", linganisha majina hayo mawili tarakimu kwa tarakimu kabla ya kusubiri rejista ijisasishe.

Kuna ndugu yake mpole zaidi: `dev.2025.03.12`. Huyu hukataa Januari hadi Septemba, na pia siku tisa za mwanzo za kila mwezi uliobaki. Aliyeiandika Novemba tarehe 20 alikuwa na kila sababu ya kuamini iko sawa.

Tiba ni kuunganisha kila kitu kiwe kipande kimoja kinachoanza na mwaka, na kulazimisha UTC kila mahali:

```
date -u +%Y%m%d%H%M%S
```

Tarakimu 14, haianzi na sifuri, na inapanda daima. Usiongeze milisekunde. Tarakimu 17 zinavuka 9007199254740991, kikomo ambacho JavaScript inaweza kushika namba kamili bila kupoteza usahihi, na matoleo mawili yaliyokaribiana yanaweza kuonekana sawa. Ile `-u` nayo si mapambo. Bila hiyo, toleo lililochapishwa kutoka kompyuta ya mtu ofisini linakaa juu ya yote ya CI kwa saa tatu zinazofuata.

## "Mara moja moja hashi inavunja kila kitu"

Ugonjwa uleule, nguo tofauti. Nambari inabeba hashi fupi ya komiti, yaani kitambulisho chake cha tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f: `1.4.3-dev.4f2a91c`. Siku moja hashi inatoka `0418273`, tarakimu tupu na sifuri mbele, CI inakataa. Kwa hashi ya herufi saba uwezekano wake ni karibu komiti moja kati ya 268. Ni nadra kiasi cha kutokuonekana kwenye majaribio, na si nadra kiasi cha kutokutokea.

Hata hashi ya tarakimu tupu isiyoanza na sifuri inaleta tabu, kwa kuwa inalinganishwa kama namba na kushuka chini ya hashi zote zenye herufi. Lakini kusema kweli, hashi ikiwa ndiyo kipande pekee cha kupanga, foleni tayari ni ya bahati nasibu. Hashi haijui nani alitangulia. Iweke mwisho, baada ya kitu kinachopanda, na uitangulize na herufi g, kama `git describe` inavyofanya: `g0418273`. Herufi hiyo moja inakifanya kipande kiwe cha maneno, na sheria ya sifuri haikihusu tena.

## "Tumechapisha ya kumi, watu wanapata ya tisa"

Tazama kama kuna nukta. `dev10` ni kipande kimoja cha herufi, na 1 inatangulia 9, kwa hiyo `1.4.3-dev10` ni ndogo kuliko `1.4.3-dev9`. Hakikisha mwenyewe:

```
npx -y semver 1.4.3-dev9 1.4.3-dev10
```

Anayesakinisha kwa tagi `@dev` anapata ya kumi, kwa sababu tagi ni kielekezi tu. Aliyeandika sharti `^1.4.3-dev1` (toleo hilo au la juu yake, chini ya 2.0.0) kwenye package.json anapata ya tisa. Ndiyo maana ripoti zinapingana.

Wengi wakigundua hilo huongeza nukta na kuendelea: `1.4.3-dev.11`. Hawapati nafuu. Kipande `dev` ni kifupi kuliko `dev9` na kinakaa chini yake, kwa hiyo kila toleo jipya lenye nukta litakuwa dogo kuliko yote ya zamani yasiyo nayo. Mtindo ukibadilika, msingi lazima ubadilike nao: hamia `1.4.4-dev.0` na uwaambie watu wasahihishe masharti yao.

## "You cannot publish over the previously published versions"

Kosa la 403 lenye maneno hayo lina maana moja, nambari hiyo imekwisha kutumika. Kilichoisababisha ndicho hutofautiana.

Aliyebonyeza kurudia kazi kwenye GitHub Actions asitegemee `GITHUB_RUN_NUMBER` ibadilike, haibadiliki. Inayobadilika ni `GITHUB_RUN_ATTEMPT`. Nambari yako ikijengwa kwa ya kwanza tu, kila kurudia baada ya toleo kuchapishwa ni 403, hata kama mara ya kwanza ilikwama baadaye, kwenye hatua nyingine kabisa.

Anayetofautisha matoleo kwa alama ya kujumlisha, `1.4.3-dev.5+ga1` kisha `1.4.3-dev.5+gb2`, amechapisha kitu kimoja mara mbili. Rejista haioni kinachofuata alama hiyo.

Anayetumia tarehe bila saa ana nafasi moja kwa siku, na siku ya seva inageuka saa tisa usiku wetu. Toleo la saa nane usiku lina tarehe ya jana.

Na kama ulifuta toleo kwa `npm unpublish` ukitumaini kurudia nambari hiyo, hairudi. Imechomwa milele, panda moja juu.

Kuna pia zile komiti mbili zilizounganishwa kwa wakati mmoja Ijumaa jioni, kila kazi ikasoma rejista, ikakuta dev.7, ikaamua kuwa dev.8. Mbinu ya "soma ya mwisho kisha ongeza moja" ina tundu hili siku zote. Unaweza kuzipanga kazi kwa `concurrency` ili moja isubiri nyingine, ila mimi ningeachana na mbinu yenyewe.

## "Nambari imeanguka hadi 1"

Unahesabu komiti kwa `git rev-list --count HEAD`. Kwako inasema 412, CI inasema 1. Kitendo cha `actions/checkout` kwa kawaida huchukua komiti ya mwisho peke yake, bila historia na bila tagi za Git. Weka `fetch-depth: 0`. Kwa sababu hiyohiyo `git describe` hulia `No names found, cannot describe anything`.

Ikilalamika kwamba kuna tagi lakini si za maelezo, mtu aliweka tagi kwa `git tag v1.4.2` bila ujumbe. Ongeza `--tags`, au acha `npm version` iziweke, maana yenyewe huziandika zikiwa na ujumbe.

Sasa mtego mkubwa zaidi wa `git describe`. Jibu lake, `v1.4.2-3-g4f2a91c`, linaonekana kama toleo halali, na npm inalikubali. Kwa binadamu maana yake ni komiti tatu baada ya 1.4.2. Kwa SemVer ni toleo la kabla ya 1.4.2. Umechapisha kazi mpya ikiwa na cheo cha chini kuliko ya zamani, na hakuna kosa litakalotokea kukuonya. Pandisha msingi kwanza, kisha uongeze kistari.

## "CI inajizungusha"

Skripti inaendesha `npm version prerelease --preid=dev`, inasukuma komiti ya nambari mpya, komiti hiyo inaamsha CI, CI inaendesha skripti. GitHub huzuia mzunguko huu ukisukuma kwa `GITHUB_TOKEN` ya kazi yenyewe. Ukitumia tokeni ya mtu binafsi, kwa mfano kwa sababu tawi kuu limelindwa, kinga hiyo haipo. Kuweka `[skip ci]` kwenye ujumbe wa komiti kunaukata.

Lakini swali ni kwa nini nambari ya dev iingie Git kabisa. Inajaza historia na komiti ambazo hakuna atakayezisoma, inazua mgongano kwenye package.json kila matawi mawili yanapokutana, na ndiyo inayoleta `Git working directory not clean` pale hatua ya kujenga inapogusa faili lolote kabla ya `npm version`. Acha package.json ishike toleo rasmi la mwisho. Nambari ya dev iundwe sekunde ya kuchapisha na ifie hukohuko kwenye seva:

```
set -euo pipefail
MSINGI=$(node -p "require('./package.json').version")
IJAYO=$(npx -y semver -i patch "$MSINGI")
MUDA=$(date -u +%Y%m%d%H%M%S)
HASHI=$(git rev-parse --short=8 HEAD)
TOLEO="$IJAYO-dev.$MUDA.g$HASHI"
npx -y semver "$TOLEO"
npm version "$TOLEO" --no-git-tag-version
npm publish --tag dev
```

Mstari wa `npx -y semver "$TOLEO"` ni mlinzi. Toleo likiwa batili unarudisha kosa, na `set -e` inasimamisha kila kitu kabla rejista haijaguswa. Skripti hii haihitaji historia ya Git, haihitaji kusoma rejista, na kurudia kazi kunaunda nambari mpya bila ugomvi. Ikiwa kazi yenu ya sasa inaelekea 1.5.0, badilisha `patch` iwe `minor`.

## "Wateja wamepata dev bila kuiomba"

Hii ndiyo ya kushughulikiwa kwanza ikitokea, mengine yasubiri. `npm publish` bila `--tag` huelekeza tagi ya `latest` kwenye ulichochapisha, hata kiwe na kistari. Kuanzia npm 11, iliyotoka Desemba 2024, amri inakataa toleo la aina hiyo mpaka utaje tagi. Node 22 bado inakuja na npm 10, kwa hiyo usitegemee kinga hiyo kwenye kila mashine.

Rudisha kielekezi papo hapo:

```
npm dist-tag add @timu/malipo@1.4.2 latest
```

Waliokwisha kusakinisha wana toleo la dev kwenye faili lao la kufuli (package-lock.json) na hawatashuka wenyewe. Waambie waendeshe `npm install @timu/malipo@latest`.

## "Nimechapisha, lakini npm install haioni"

Aliye na `^1.4.2` hataletewa dev kamwe, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachowashangaza watu ni huyu mwenye `^1.4.3-dev.20250312083000.g4f2a91c0`. Ataletewa dev nyingine za 1.4.3, na 1.4.3 yenyewe, na hata 1.5.0 ikitoka rasmi. Dev ya 1.4.4 hataletewa. Sharti hukubali toleo lenye kistari pale tu tarakimu zote tatu za msingi zinapofanana na zile zilizotajwa kwenye sharti. Toleo rasmi likitoka na msingi ukapanda, kila mjaribu anabaki nyuma kimyakimya.

Wajaribu ningewaambia waendeshe `npm install @timu/malipo@dev` kila wanapotaka jipya. `npm ci` haitawasogeza, inafuata faili la kufuli. Ikiwa umechapisha dakika hiyohiyo na bado unaona ya zamani, ongeza `--prefer-online` ili npm iulize rejista badala ya kuamini akiba yake.

Wenye repo moja yenye vifurushi vingi wana toleo lao la tatizo hili. Kifurushi `@timu/risiti` kinataka `^1.4.2` ya `@timu/malipo`. Skripti inaigeuza malipo iliyo kando yake kuwa 1.4.3-dev, sharti halitimizwi tena, na npm inakwenda kupakua 1.4.2 kutoka rejista badala ya kuunganisha folda ya jirani. Majaribio yanapita kwa msimbo wa mwezi uliopita. Endesha `npm ls @timu/malipo`: mshale unaoelekea folda ya ndani usipouona, ndilo hilo. Pnpm na Yarn (2 na kuendelea), mbadala wa npm, hulikwepa kwa `workspace:*`, ambayo hubadilishwa kuwa nambari halisi wakati wa kuchapisha. Kwa npm tupu, badilisha nambari baada ya kusakinisha na kujaribu, kisha usahihishe sharti la risiti kabla ya kuichapisha nayo. Anayetumia Changesets, zana ya kupandisha matoleo, na `--snapshot` atakuta msingi ni 0.0.0 kwa makusudi, ili sharti la kawaida la mtu yeyote lisiliguse toleo hilo kwa bahati mbaya.

Likibaki kosa la 404 wakati wa kuchapisha kifurushi unachojua kipo, usihangaike na nambari. Mara nyingi ni tokeni iliyokwisha muda au isiyo na ruhusa ya kuandika kwenye `@timu`. Endesha `npm whoami` ndani ya CI uone inajiita nani.